Tranka la bati lenye ua jekundu

Tranka langu la shule liko uvunguni mwa kitanda cha wageni mpaka leo. Ni la bati, rangi ya bluu iliyobabuka, na juu ya kifuniko fundi wa Kilwa Kivinje alichora ua jekundu ambalo wenzangu bwenini walilibatiza kabichi. Mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu, aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huu, alilivuta nje akitafuta mpira, akakuta madaftari. Akafungua la Fizikia. Akalitazama, akaligeuza juu chini, akalirudisha lilivyokuwa.

"Babu, hii lugha gani?"

Nikamwambia akae kwanza, maana jibu lake linaanzia mbali.

Nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza mwaka 1982. Siku hizi mtu husema "nimeanza fomu wani" kama anayesema amepanda daladala. Sisi tulisema "nimechaguliwa", na mtaa mzima ulijua uzito wa neno hilo. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulikuwa umeanza mwaka 1977 na shule za msingi zimefurika hadi chini ya miembe, lakini sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabu. Katika darasa letu la saba tulitoka wawili. Mwenzangu alipangiwa Songea, mimi shule ya bweni mkoani Tabora, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka nyumbani. Hakuna aliyeuliza sababu. Serikali ilitaka watoto wachanganywe kabla ndevu hazijaota na ukabila haujakomaa. Ada haikuwepo, ilikuwa imefutwa tangu mwaka 1964, na nauli ililipwa kwa waranti, karatasi ya serikali ambayo mkata tiketi akionyeshwa hakuchangamka hata kidogo.

Kilichotutoa jasho ni orodha ya mahitaji. Shuka mbili, blanketi, ndoo, sahani, kikombe, viatu vyeusi, jembe. Mwaka 1982! Maduka ya ushirika yalikuwa na rafu na muuzaji, basi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka mitatu nyuma na nchi ilikuwa bado inahema. Sukari kwa kibali, sabuni kwa kibali, na kibali chenyewe kilianzia kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa hasemezani na mjomba wangu. Jembe tulilipata. Shuka hatukupata. Bibi mzaa mama, aliyenilea, alichukua doti mbili za kanga zake, akazishona ubavu kwa ubavu, akasema usiku wa giza hakuna atakayesoma majina.

Lazima nimweleze bibi, kwa sababu bila yeye daftari lile halielezeki. Kwa hesabu za serikali, bibi alikuwa hajui kusoma. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipofika Kivinje miaka ya 1970, mwalimu wa kisomo alimpa chaki aandike jina lake. Akaliandika vizuri, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwalimu akalitazama, akaandika kwenye rejista: hajui. Bibi akawekwa kundi la mwanzo kabisa na kupewa kitabu chenye picha za uvuvi. Naye alikuwa anasoma msahafu tangu utotoni, na maisha yake yote aliandika barua kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wake, wakidaiana nazi na kuposana kwa karatasi. Hakubishana na mwalimu. Alikwenda kisomo, akajifunza herufi za upande wa pili, akarudi nyumbani kuendelea na zake. Mimi alinifundisha alifu na be kabla sijaijua a, e, i, o, u.

Safari nitaipitisha haraka, ingawa yenyewe haikwenda haraka. Lori hadi kivuko cha Ndundu, siku moja na nusu kusubiri maji ya Rufiji yapungue, Dar es Salaam nikiwa na tope hadi masikioni, kisha treni ya reli ya kati. Behewa la daraja la tatu lilijaa watoto wenye matranka, wote kimya, kila mmoja akilinda ufunguo aliouning'iniza shingoni. Tulianza kuzungumza Morogoro. Tulipofika Dodoma tulishajuana makwetu. Saranda, pale penye kuku wa kuchoma wanaonunuliwa kupitia dirishani, tulichanga senti zetu, wavulana sita, tukanunua kuku mmoja. Mwaarusha mmoja alipewa mgongo, akalalamika kwa Kiswahili kilichotuchekesha hadi Itigi. Kila mtu alikuwa na lafudhi yake, na hakuna aliyeona haya kufungua mdomo.

Nimeikumbuka mara nyingi treni ile. Kelele zile za Saranda sikuzisikia tena darasani.

Asubuhi ya kwanza kengele iligongwa saa kumi na moja. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe. Sisi njuka, yaani wageni wa kidato cha kwanza, tulitolewa mbio kwenda mchakamchaka, tukiimba nyimbo ambazo waimbishaji walizitunga papo hapo kuhusu nduli Amin, makaburu wa Afrika Kusini na mpishi wa shule. Kisha uji wa chumvi. Kisha paredi. Mkuu wa shule alipanda jukwaani, mtu mrefu mwenye suti ya Chou En-lai iliyonyooka, akahutubia dakika ishirini. Kwa Kiingereza. Nilitazama wenzangu wa treni. Walikuwa wanatikisa vichwa kwa heshima, nami nikatikisa.

Kipindi cha tatu kilikuwa Fizikia. Mwalimu alikuwa kijana mpole, ametoka chuo karibuni, shati lake limenyooshwa kwa pasi ya godoro kama mashati yetu. Alichora ubaoni ubao mrefu umelazwa juu ya jiwe, upande mmoja gunia, upande wa pili mtu anasukuma chini. Nilikijua kitu kile kama ninavyojua jina langu. Nyenzo! Egemeo katikati, mzigo huku, jitihada kule. Darasa la sita tulizipanga nyenzo kwa madaraja yake: mkasi daraja la kwanza, toroli daraja la pili, koleo la makaa daraja la tatu, na mwalimu wetu wa Kivinje alitupeleka hadi bandarini tukamwone baharia anavyoinua jahazi kwa gogo. Kwa hiyo mwalimu alipouliza swali, mkono wangu ulipanda wenyewe. Akaniita. Nikasimama. Nikafungua mdomo, na Kiswahili changu chote kikanijaa kooni. Kiingereza nilichokuwa nacho kilikuwa sentensi tatu: ya kumsalimu mwalimu, ya kuomba kwenda haja, na ya kusema sijui. Nikatumia ya tatu.

Alisikitika, akaniambia nikae.

Hesabu zilikuwa vilevile. Mtoto aliyekuwa akitafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, hata usingizini, aliyejua jira, mzingo na nusukipenyo, sasa alinakili ubaoni maneno marefu kama mtu anayechora michoro ya mapambo. Tulinakili vizuri sana. Mkaguzi angepita angesema hawa ni watoto hodari: mwandiko umelala, mistari imepigwa kwa rula, na wino hauna doa. Ukimuuliza aliyenakili amenakili nini, anakuambia ni topiki ya pili.

Nisije nikaonekana nina ugomvi na Kiingereza. Kimenilisha. Tulikuwa na mwalimu wa somo hilo aliyetusomea riwaya kwa sauti Jumamosi jioni, akitafsiri, akiigiza, akirudia, na kwa sababu yake niko hai kwa kalamu. Yeye alitufundisha Kiingereza. Wengine walitutaka tujifanye tunakijua, na kati ya mambo hayo mawili kuna pengo ambamo nusu ya darasa letu ilitumbukia, na hatukuwaona tena baada ya mtihani.

Ili kujifanya kwende sawasawa, kulikuwa na kibao. Kipande cha mninga, ukubwa wa kiganja, kamba ya katani, na neno moja la Kiingereza lenye maana ya mjinga limechomwa kwa msumari wa moto. Ukisikika unazungumza Kiswahili nje ya vipindi vilivyoruhusiwa, unavishwa. Unatembea nacho hadi umkamate mwenzako, unamvisha yeye. Atakayekutwa nacho wakati wa kuhesabiwa jioni anang'oa kisiki shambani, na visiki vya Tabora si vya kuchezea. Mti umekatwa miaka mitano lakini mizizi haina habari.

Basi ukaanza uwindaji. Mwenye kibao alikuvizia chooni, alikufichia kandambili moja, alikukanyaga kidole kwa makusudi ili ulie "Mama!" Tulijizoeza kulia kwa Kiingereza. Waliokata tamaa walichukua vitenzi vyao wenyewe na kuvishonea mkia, wakawa wanasema wanakwenda kulaing na kuogaing, na kuna kiranja mmoja aliyekubali kwamba hicho ni Kiingereza, kwa vile hata yeye alikuwa na hakika ndogo. Wengi walichagua kunyamaza. Nina marafiki wa miaka miwili ya kwanza ambao nawakumbuka kwa mikono yao, jinsi walivyoonyesha chumvi, maji, njaa.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya kibao kama hicho katika shule za Kenya ya mkoloni, mtoto akikamatwa anasema Kigikuyu. Yetu ilikuwa Tanzania, miaka ishirini baada ya uhuru, na lugha iliyokamatwa ni lugha ya taifa. Tena mjini hapohapo Tabora ndipo aliposoma Mwalimu Nyerere, ambaye alimfasiri Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, apate kuonyesha kwamba Kiswahili kinabeba mzigo wowote. Vitabu hivyo vilikuwa kwenye rafu ya maktaba yetu. Aliyetaka kuviazima ilimpasa aviombe kwa Kiingereza.

Na kulikuwa na shule ya pili, ndani ya uzio uleule. Ilifunguliwa kwa vipindi vichache kwa wiki, vya Kiswahili na vya Siasa. Mwalimu wa Siasa aliingia na gazeti la Uhuru limekunjwa kwapani, akasema, "Haya, vijana, Namibia inaendeleaje?" na darasa lililokuwa maiti tangu asubuhi likafufuka. Wale wa dawati la nyuma, walioitwa wazito na walimu wa sayansi, ndio waliobishana kuhusu nchi za mstari wa mbele, kuhusu kwa nini chama kimoja, kuhusu kama Azimio la Arusha linamruhusu baba yako kuwa na mashine ya kusaga. Mmoja wao, aliyekuwa hajawahi kupata zaidi ya alama ishirini katika Kemia, alieleza kupanda kwa bei ya mafuta na mfumuko wa bei vizuri kiasi kwamba mwalimu aliketi. Saa ya mdahalo ikiwa ya Kiswahili, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ikiwa ya Kiingereza, walizungumza walewale wanne, nasi tukapiga makofi viranja walipopiga.

Shambani napo tulikuwa watu wengine. Shule yetu ilikuwa ya mchepuo wa kilimo, na tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974 mtihani wa mwisho ulikuwa haubebi alama zote. Maendeleo ya darasani yalihesabiwa, na bidii na tabia navyo vikaandikwa. Mtu mwenye jembe haulizwi lugha. Tulilima mahindi na karanga, tukavuna, tukala. Tulikula tulichovuna hadi karibu Septemba, kisha ukaja unga wa njano wa Marekani, uliotoa ugali wenye rangi ya maua na ladha ambayo sijaipata tena, wala sijaitafuta. Maharage yalikuwa na wadudu. Mwanzoni tuliwatoa, muhula wa pili tukawahesabu, mwaka wa pili tukasema ni kitoweo. Wali ulikuwa sikukuu. Sabuni ilipokosekana tulifua kwa majani ya mpapai, na mipapai ya shule ikabaki vigingi. Wenyeji wa vijiji vya jirani walituuzia matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa, na Wanyamwezi wa darasani walitutania sisi wa pwani kwamba babu zao walibeba pembe hadi kwetu na sasa tumekuja kulipa deni kwa miguu.

Ya njaa yanasimuliwa sana, na kila aliyepita bwenini ana maharage yake. Narudi kwenye lugha.

Niliingia kipindi cha Kiswahili kifua mbele. Mimi ni mtoto wa Kilwa, hiki nimekinyonya. Jaribio la kwanza lilikuwa la ngeli na upatanisho wa kisarufi. Nilipata kumi na tisa kwa hamsini. Aliyeongoza, kwa arobaini na saba, ni mvulana kutoka Muleba aliyesema "mutoto" na "mukate", ambaye alikuwa amekariri majedwali ya ngeli toka juu hadi chini kama mtu anayekariri stesheni za reli ya kati. Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikamwendea, kwa sababu kitanda chake kilikuwa juu ya changu na hasira ya bwenini haina pa kwenda. Nikamwambia anifundishe ngeli. Akaniuliza nitampa nini. Sikuwa na kitu. Akaona barua ya bibi juu ya tranka.

"Nifundishe hiyo," akasema.

Barua za bibi zilikuja kila baada ya miezi miwili, zimekunjwa ndogo kama ubani, herufi zinatoka kulia kwenda kushoto. Bwenini zilizua hofu. Mtoto wa kitanda cha jirani aliomba kuhamishwa. Mwanamuleba hakuogopa, alisema kitu kinachoandikwa kwa wino kinasomeka. Usiku, baada ya prepo, karabai ikizimwa na kubaki mbalamwezi, tulikaa nje ya bweni nikichora be na te mchangani kwa kijiti, naye akininong'oneza ki-vi, u-zi, li-ya. Katika miezi minne aliweza kusoma salamu. Herufi ya "ng'" ilimsumbua, na kusema kweli hata bibi alikuwa akiiandika anavyojisikia.

Ndipo nikapata wazo. Ikiwa mwalimu anasema kwa Kiingereza na mimi naelewa kwa Kiswahili, naweza kuandika ninachoelewa pembeni. Lakini pembeni kwa Kiswahili ni kibao. Viranja walikagua hadi madaftari. Pembeni kwa herufi za bibi ni nani atajua? Kuanzia Agosti ya 1982, kando ya kila ukurasa wa Fizikia, kwa penseli, nilianza kuandika: egemeo, mzigo, jitihada, maji yakipoa huganda, ujazo ni urefu mara upana mara kina. Kiranja aliuliza ni nini. Nikamjibu, kwa sentensi ya nne niliyokuwa nimejifunza, kwamba ni mapambo. Muhula ule nilipanda kutoka nafasi ya thelathini na nne hadi ya kumi na moja.

Mwaka wa pili, 1983, ndio mwaka wa msako. Waziri Mkuu Edward Sokoine alitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na redio ilikuwa kila siku ikieleza magunia ya sukari yaliyokutwa darini na mabati yaliyofukiwa. Joto hilo lilifika hata kwetu. Sukari ya stoo ikapungua, tukaamshwa usiku, kila mtu asimame mbele ya tranka lake limefunguliwa. Tuliuita "msako wetu". Mwalimu wa zamu, mtu wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, alifika kwangu akainua kanga zilizoshonwa pamoja. Majina ya kanga yalisomeka vizuri kwa tochi. Bibi hakufikiria tochi. Chini ya kanga akaona karatasi. Akaikunjua, akarudi nyuma hatua moja.

Akaniuliza kwa Kiingereza ni kitu gani. Nilielewa swali, jibu sikuwa nalo. Neno la barua lilinitoka kichwani, nikabaki nasema "bibi, bibi". Akaona nakwepa. Nadhani alifikiri ni talasimu; shule za bweni zilikuwa na hadithi zake, na mkononi alishika kitu asichoweza kukisoma, mbele ya wavulana themanini. Mwalimu wa Siasa, aliyekuwa zamu naye, akasogea. Akasema kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, "Isome, mwanangu. Kwa sauti."

Nikaisoma. Ilianza: Kwa mume wangu mpenzi.

Bweni likapasuka. Mwalimu wa zamu aliniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue aliuliza kwa Kiswahili, "Wewe una mke?" Ikabidi nieleze kwamba pwani bibi humwita mjukuu wake mume, ni utani wao, na kwamba mumewe huyu alikuwa na umri wa miaka kumi na tano. Nikaendelea. Bibi aliandika kwamba mbuzi amezaa mapacha. Kwamba waliopita kusaka wamekuta kwake chupa moja ya mafuta ya taa, wakaiacha. Kwamba muuza duka mmoja alitupa majora ya vitambaa baharini usiku, na kulipokucha mikoko yote imevaa. Kwamba meno yake ya chini hayamsumbui tena, yametoka. Kwamba nisome sana, na nisisahau mtu akisema hajui na hali anajua ni dhambi ndogo, ila akiambiwa hajui na hali anajua, dhambi ni ya mwingine.

Mwalimu wa zamu aliirudisha karatasi mahali pake, akafunga tranka kwa mkono wake, akaenda kitanda kilichofuata. Sukari haikupatikana.

Wakati ule kulikuwa na tetesi. Rais alikuwa ameunda tume ya elimu chini ya Jackson Makwetta, na tume hiyo, mwaka 1982, ilipendekeza kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia kidato cha kwanza cha mwaka 1985. Mwalimu wa Siasa ndiye aliyetuambia. Tulihesabu kwa vidole: mwaka huo sisi tutakuwa kidato cha nne, na njuka watakaoshuka treni watakuja na egemeo zao na KDS zao, watafungua mdomo, watajibu. Tuliwaonea wivu watoto ambao walikuwa bado darasa la sita.

Nina siku moja tu ya kidato cha tatu ya kutia hapa. Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, jioni, rimu iligongwa kwa namna isiyokuwa na utaratibu. Tulikusanyika mbele ya jukwaa. Redio ya mwalimu mmoja ilikuwa imewekwa dirishani. Sokoine alikuwa amefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, akitoka bungeni Dodoma. Mkuu wa shule alipanda jukwaani, yule wa suti iliyonyooka, ambaye katika miaka miwili na kitu sikuwahi kumsikia akisema hata "karibu". Alisimama muda mrefu. Kisha akasema, "Wanangu." Akaendelea kwa Kiswahili kilichotulia, chenye lafudhi ya kwao Kusini, na kila mtu kuanzia njuka hadi mpishi aliyesimama na mwiko mlangoni mwa bwalo alielewa kila neno. Kibao kilikuwa shingoni mwa mtu jioni ile. Sikumbuki kilikuwa kwa nani, na sidhani kama kuna aliyekikumbuka.

Jumatatu kilirudi.

Mwaka 1985 ulifika. Serikali ilikuwa imekwisha kulikataa pendekezo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka uliotangulia, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Nilikuwa kiranja wa bweni nilipowapokea njuka. Mmoja alitoka Lindi, jirani yangu, anasema sana. Wiki ya pili alikuwa ananyamaza. Naandika hili kwa aibu: mimi ndiye niliyemvisha kibao mara ya kwanza. Ilikuwa kazi yangu, nami niliifanya.

Tangu hapo sera zimekuja na kupita. Ile ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, watu wakashangilia, na mlango ukabaki wazi hivyohivyo bila mtu kuingia. Mjukuu wa dada yangu anasoma Fizikia mwaka huu. Nilipomuuliza nyenzo ni nini alisema ni kitu cha kufanyia kazi. Nilipomtajia kwa Kiingereza akatoa maana yake neno kwa neno, haraka, macho yametazama dari. Nikachukua rula na kifutio, nikalaza rula juu ya kifutio, nikaweka sarafu upande mmoja. Akabonyeza upande wa pili. Sarafu ikaruka ikaingia uvunguni.

"Ah," akasema. "Kumbe ndiyo hii?"

Tukalipitia daftari pamoja. Nilimsomea pembeni, polepole, maana macho yangu yamechoka na penseli imefifia, na herufi za bibi sizisomi tena kwa wepesi ule. Yeye akanisomea katikati. Ukurasa wa mwisho hauna Fizikia. Una mstari mmoja, herufi kubwa zinazoyumba, za mtu aliyeanza kujifunza, "ng'" imeandikwa kwa kubahatisha. Ilinichukua muda kuutambua mwandiko. Ni wa mwanamuleba.

Mjukuu akaniuliza imeandikwa nini.

"Maandazi mawili ya ng'ambo ya reli," nikamsomea. "Hujalipa."